Uso wa Babu, Kazi ya Maisha ya Fundi

Ukifika Sindo, kwetu kando ya ziwa, siku hizi, rafiki yangu, kuta zote zimepakwa rangi za kampuni za simu na mabango yamechapwa kwa mashine. Mwezi jana nilizunguka soko zima nikitafuta hata herufi moja ya mkono wa fundi wetu. Wapi! Nikanunua samaki, ngege wa kukaanga, nikamla kwa hasira.

Fundi alikuwa jirani yetu. Alipamba mitumbwi, akaandika mabango, akafinyanga vyungu, akachonga viti, akajenga makaburi ya saruji yenye maua mengi kuliko bustani ya padri. Nyanya, ndiye aliyenilea, alikuwa akisema, "Yule hata ukimpa ugali, ataupiga msasa kwanza." Na rangi ilikuwa imemwingia mpaka masikioni.

Sasa, babu alikufa kabla sijazaliwa, na hakuacha picha. Alipigwa moja tu maishani, akapiga chafya wakati uleule. Ikatoka kofia na kiganja. Jambo hilo lilimnyima nyanya raha. "Macho yanakwisha, na uso wake unanitoka," alikuwa akisema, na analia kweli. "Nikifika huko nitamtambuaje? Nisije nikamkumbatia mume wa mtu!" Basi akamwomba fundi, aliyemjua babu vizuri, amrudishie ule uso.

Fundi akaanza kwa makaa juu ya ubao. Nyanya akachungulia. "Siye." Akafinyanga kichwa cha udongo. "Siye. Huyu ana uso wa mtu aliyekatazwa kuoga." Akachonga mti, akamwaga saruji, akaenda Homa Bay kutafuta rangi nzuri zaidi. Kila mahindi yakiiva alikuja na babu mpya, akanywa chai yetu, akala dagaa wetu wa omena, akasikia "Siye," akaenda zake akinung'unika.

Lakini hakutupa kitu. Babu wa rangi akawa bango la kinyozi. Babu wa mti akapewa msumeno, akaingia kanisani kuwa Yusufu. Babu wa saruji alisimama langoni kwa mwalimu mkuu akitutisha tuliochelewa. Babu wa udongo tukamtumia kuwekea kuku maji. Siku moja kanisani nikawanong'oneza wenzangu kwamba Yusufu ni wa ukoo wetu. Mwalimu wa katekisimu akanifinya sikio mpaka Amina.

Nilipokuwa na miaka kumi hivi, fundi alikuja na picha ya rangi ndani ya gunia. Macho ya nyanya yalikuwa yameingia ukungu, akaisogeza karibu hadi rangi ikamshika puani. Tukangoja ile "Siye" yake. Mara akapiga kigelegele. "Ndiye! Yawa, ndiye huyu!" Akaikumbatia, akalia, kisha akaanza kuigombeza kwa kumwachia mbuzi na madeni ya kilio.

Fundi hakufurahi hata kidogo. Alinivuta nyuma ya jiko, jasho linamtoka. "Mjukuu wangu, nimeharibu. Babu yako nimemsahau kabisa. Nilichoka, nikaweka kioo mbele, nikajichora mimi, nikaongeza masharubu na kofia. Nilijua tu atakataa!" Akaniapisha nisiseme. Ningesemaje, na nyanya ndani anaimba?

Picha ikatundikwa. Nyanya aliiamkia kila asubuhi, na hofu ya kupotelea kwa mume wa mtu ikamwisha. Fundi aliendelea kuja kunywa chai, ila sasa aliketi ameipa picha mgongo.

Akafa yeye kwanza, kabla ya nyanya. Nyumbani kwake pakakosekana picha ya kuweka juu ya jeneza. Hata kitambulisho kilikuwa kimezama ziwani pamoja na suruali. Binti yake akaja kuuliza kama sisi tunayo. Nyanya, ameketi chini ya ile picha, akatikisa kichwa. "Maskini! Amechora watu wote, yeye akakosa wa kumchora." Binti akainua macho ukutani, akaitazama muda mrefu. "Nyinyi mna bahati, mama," akasema. Nikaangalia miguu yangu. Jambo hilo liliniuma sana, na mpaka leo linaniuma.

Tulipomzika nyanya, niliishusha picha nikampelekea yule binti, nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaziba masharubu kwa kidole. "Baba," akasema, ndipo machozi yakamtoka.

Kwetu umebaki msumari. Kinyozi alifunga, Yusufu aliliwa na mchwa, lango la mwalimu mkuu lilibomolewa, na wa udongo kuku walimvunja zamani. Babu yangu sijui alifananaje. Leo ukiniletea uso wowote na kuniambia ndiye, nitaupokea kwa mikono miwili, kwa maana hakuna tena aliyebaki wa kusema, "Siye."