Mutoto wa mudogo wangu ananiomba nimutafsirie mama yake

Admin, ufiche jina langu, na picha usiweke. Niko mama wa miaka makumi ine na moja, ninashona nguo hapa Bunia, kartiye ya Rwambuzi. Kabila yetu sitaitaja. Watu wa Ituri munajua kwa nini.

Vita ilipofika upande wa Bambu, mudogo wangu, ndugu yangu wa kike mwenye kunifuata, alikuwa na mutoto mumoja tu, binti wa miaka tano. Nitamuita Neema. Bwana ya mudogo wangu aliuawa mu shamba. Watu walikimbia kila mutu na njia yake, mutoto akapotezana na mama yake. Mama mumoja wa kanisa yao alimubeba mpaka Bunia, akanifikishia ku mulango. Aliniambia, "Huyu ni wa mudogo wako. Mama yake hatukumuona tena." Nikamulilia mudogo wangu matanga bila maiti.

Neema hakujua Kiswahili hata neno moja. Na ile wakati, luga ingeweza kukuletea mambo. Mutu anasikia tu vile unasalimia, anajua weye ni wa nani, hasira ya wafu wake anakutupia weye. Nikaamua: mu nyumba yangu tutasema Kiswahili tu. Bwana yangu aliniambia, "Muache kwanza mutoto apumue." Sikumusikiliza.

Mwanzo nilifanya vizuri, Mungu anaona. Nilimukalisha karibu na mashini ya kushona, ninamuambia, "Leta makasi. Leta uzi mwekundu. Fungua dirisha." Akileta kingine, tunacheka wote. Nilimutuma kwa watoto wa jirani aruke kamba nao, juu mutoto anamufundisha mwenzake mbio kuliko siye wakubwa. Siku ya Yenga, ku ibada, aliimba na watoto wa kanisa maneno asiyoelewa, tukirudi ananirudilia neno moja moja nimuonyeshe maana yake.

Lakini akisema neno ya luga yetu, nilimufinya mudomo. "Iyo hapana! Iyo ni mubaya!" Mutoto wa miaka tano, jamani.

Siku moja tulikuwa ku robine ya kuchota maji, mustari murefu wa wamama na mabido ya maji. Neema akateleza, akaanguka, akaniita kwa nguvu, kwa luga yetu. Wamama wote wakageuka. Mumoja wao, ninajua alizika ndugu zake mu ile vita, aliniuliza, "Huyu mutoto ni wa kwako?" Nikajibu, "Hapana, ni wa jirani." Nikabeba bido yangu nikaondoka. Yeye akanifuata nyuma, goti inatoka damu, bila kulia.

Toka ile siku hakusema tena luga yetu, hata akiwa na homa. Nitasema ukweli wote: nilifurahi. Akaanza masomo, akaanza kusoma Kifaransa, akakuwa wa pili mu kalasi. Mwalimu wake alinisifu mbele ya wazazi, mimi nikakubali sifa.

Miaka mbili ikapita. Sasa iko miezi tatu tangu mudogo wangu alifika ku mulango, mwembamba, muzima. Kumbe alivuka ziwa, akakaa kambini Uganda bila simu, akimutafuta mutoto kati ya wakimbizi. Alipomuona Neema alipiga magoti mu vumbi, akafungua mikono, akasema naye maneno yale mama zetu walitusemesha siye tukiwa wadogo. Neema akajificha nyuma ya kikwembe yangu.

"Mama mukubwa, huyu mama anasema nini?"

Mudogo wangu Kiswahili yake ni ya soko tu: bei gani, punguza, asante. Ikabidi nisimame katikati nikitafsiri, mama na mutoto aliyemuzaa mwenyewe.

Jioni, tukichambua majani ya sombe, aliniambia mimi mukubwa wake, "Yaya, mutoto ulimulisha, ulimusomesha, asante. Lakini ule wangu, mwenye kusema sana, ulimuweka wapi?" Hakupaza sauti. Ingekuwa afazali angenitukana.

Nilijaribu kutengeneza. Nilianza kumuita Neema kwa luga yetu, nikamufundisha vile nilimufundisha Kiswahili, leta hiki, leta kile. Anaziba masikio. "Mama mukubwa, iyo luga ni mubaya, watu watatuangalia." Nikimuambia si mubaya, ananiangalia sawa mutu mwenye kusema uongo. Na juu ya nini aniamini?

Basi mudogo wangu ndiye anajifunza. Neema anamuonyesha kisu, anasema, "Mama, sema: kisu." Yeye anasema. "Mama, sema: nimechoka." Anasema. Mutoto anafurahi. Lakini mudogo wangu aliniambia, "Kwa hii luga ninaweza kumuomba maji. Habari ya baba yake nitamupatia na maneno gani?"

Sasa anataka kwenda kukaa ku site ya wahamiaji, kambi ya wale walikimbia vita, kwa watu wetu, mahali watoto wanasema luga yetu kutwa nzima. Anasema huko Neema ataipata tena mu miezi kidogo. Inawezekana. Lakini huko masomo ni chini ya mahema, na risasi hazijaisha. Bwana yangu anasema mutoto ni wa mama yake, nisijitie. Nimechoka, ndugu zangu. Ninashona nguo ya watu, mikono ya nguo ninaiweka kinyume.

Jana mudogo wangu alinishika mukono. "Sitamubeba kwa nguvu. Muulize yeye mwenyewe kama anaenda na mimi ao anabaki. Weye ndiye uko na luga zote mbili. Jibu yake unitafsirie vile iko."

Kesho ndio ninamuuliza. Wazazi munaosoma hapa, munisaidie mawazo: mutoto akisema anabaki na mimi, hayo maneno nitayatoa namna gani mu kinywa changu, kwa luga yetu, nikimuangalia mudogo wangu ku macho?