Mjukuu Aitwe Vasili

Juzi, kwenye dirisha la vyeti vya kuzaliwa hapa Morogoro, niliona jambo lililoniacha mdomo wazi, mimi niliyedhani nimeshaona yote. Mzee mmoja wa Matombo, fundi aliyesomea Urusi ujanani, alikuja na binti yake kumwandikisha mjukuu.

"Andika Vasili," alimwambia karani, kifua mbele. "Jina la wafalme wa Moscow, tena wanne!"

Nyuma yetu daktari mmoja, dada aliyesomea hukohuko, akaziba mdomo kwa kiganja. "Shikamoo babu. Samahani, kifupi chake si Vasya? Tangu zamani mtaani kule, wakikuita Vasya wanamaanisha wewe ni boya, mjinga tu."

Mzee akashika dirisha kwa mikono miwili. "Boya? Mbona karakana nzima kule waliniita Vasya miaka mitano? Mimi nikajua wamenitawaza!"

Foleni nzima ikasogea karibu kusikiliza.

Karani akauliza taratibu, "Sasa niandike nini, mama?"

Binti akamshika baba yake bega. "Andika Vasili. Boya wao ndiye aliyenisomesha."

Wasomaji, tangu siku hiyo jina langu la utani sitaki mtu anitafsirie.