Maji ya Kisima cha Ngure

Wayua alikuwa kidato cha pili baba yake, mzee Mutisya, alipotia kidole gumba kwenye karatasi ya Ngure kule Nuu. Ngure, dalali wa mashamba, alimwambia ni ruhusa ya kupima maji tu. Kumbe mzee alikuwa ametoa ekari zake zote arobaini. Wiki mbili baadaye seng'enge ikapita katikati ya zizi lao. Mzee akafia chumba cha kupanga huko Salama, bila hata mbuzi mmoja. Wayua aliyameza hayo, yakamchachia tumboni miaka ishirini.

Akawa mwalimu wa jiografia Mbumbuni, akaolewa, akaitwa Madam Kiema. Kwa hiyo Ngure alipotafuta mtu wa kuwaelezea wawekezaji wa kiwanda cha juisi habari za Kenya, alimpigia simu bila kujua ni nani.

"Nipambie nchi, madam. Uchumi, barabara, kila kitu. Mwisho unawaonyesha shamba langu."

"Usiwe na wasiwasi," Wayua akamjibu kwa furaha mbaya.

Alijiandaa vilivyo. Alimtafuta Musembi, fundi aliyechimba kisima cha Ngure, naye akampa nakala ya vipimo vya maji.

Siku ilipofika, wageni watatu wakaketi chini ya hema pale Nuu, kwenye ekari zile zile za Mutisya. Wayua aliwatembeza kwa maneno kutoka Ziwa Victoria hadi bandari ya Mombasa: reli, vijana waliosoma, ndengu za Kitui, maembe ya Makueni yanayooza kwa kukosa kiwanda. Wageni waliandika. Ngure alitabasamu hadi ufizi.

"Kiwanda cha juisi kinahitaji maji mengi matamu," Wayua akasema. "Twende tuyaonje."

Ngure akakimbilia tangi. Wayua akalipita, akafungua koki ya kisima chenyewe, akajaza glasi. Mama aliyewaongoza wageni akaonja, akatema.

"Chumvi! Na ya kwenye tangi?"

"Yaliletwa jana na lori." Wayua akamkabidhi vile vipimo.

Ngure alikuwa amekauka midomo. "Wewe mwanamke ni nani?"

"Wayua wa Mutisya. Ulisema unampimia baba maji. Leo nimekupimia mimi."

Wageni waliondoka kabla chakula hakijapakuliwa. Habari zikaenea, na hakuna mnunuzi aliyemwamini Ngure tena, Kitui wala Makueni.

Lakini Ndila, binamu yake Wayua, ambaye jina lake lilikuwa tayari kwenye orodha ya vibarua wa kiwanda, alimfuata hadi Mbumbuni.

"Wewe umelipiza kisasi chako. Na sisi wa Nuu tutakula nini?"

"Kiwanda kingefungwa kabla ya mwaka kuisha, Ndila. Juisi ya chumvi nani atanunua?"

Ilikuwa kweli, ila wote wawili walijua si hiyo iliyompeleka kwenye koki. Ndila akaenda zake bila kunywa chai. Jumapili hiyo mchungaji aliomba wenye vinyongo wasimame waombewe. Wayua alibaki ameketi, Biblia mapajani, akiuona tena uso wa Ngure pale kwenye koki, na bado kisasi kilikuwa kitamu.