Niliandika maombi yangu chini ya ratiba ya chakula, na mtoto wangu akayasoma

Admin, tafadhali ficha jina langu, maana wazazi wa shule yetu wako kwenye peji hii. Wapendwa, Bwana asifiwe. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, sikuolewa, ni mpishi mkuu wa shule moja ya kutwa karibu na Adams, hapa Nairobi. Masomo niliachia darasa la nane, kwa hivyo nikikosea mnivumilie.

Nina msichana mmoja, nitamwita Neema, yuko kidato cha tatu hapo hapo ninapopika. Neema si wa tumbo langu. Dada yangu mdogo alimzaa, akafariki wiki hiyo hiyo, nami nikamfunga mtoto mgongoni. Baba yake alikuja matangani, akamwangalia, akasema huyo si wake, akaenda. Haya yote Neema hakuyajua. Kila mwaka nilisema nitamwambia akimaliza mtihani, halafu unakuja mtihani mwingine.

Jikoni nilikuwa na daftari moja kubwa. Mbele naandika chakula cha wiki: githeri, wali na ndengu, chapati Alhamisi. Nyuma, kuanzia ukurasa wa mwisho, naandika maombi yangu, kwa sababu nikifumba macho kuomba nasinzia. Hakuna mtu aliyewahi kuligeuza daftari hilo.

Mwaka huu shule ikahamia mambo ya mtandaoni. Kila mtu akapewa barua pepe ya shule, kuanzia mwalimu mkuu mpaka mlinzi wa geti. Mwalimu wa kompyuta, Madam Achieng, akanifungulia faili ya chakula kwenye simu yangu. Akaniambia, "Mama, karatasi zimeisha. Ukiandika hapa, shule nzima inaona leo ni nini." Nilijiona nimepanda cheo. Lakini akilini mwangu ilikuwa daftari tu. Niliandika chakula mbele, nikaacha kurasa nne tupu, nikaanza maombi huko nyuma. Nilidhani bila kubonyeza kutuma maneno hayaendi popote.

Jumatano moja nikaandika: "Baba, nipe nguvu nimwambie Neema kwamba mimi si mama yake mzazi. Naogopa ataniacha."

Wanafunzi wanasoma hiyo faili kuliko vitabu, wanatafuta chapati. Kwenye kipindi cha kompyuta mmoja akateremka mpaka chini. Kufika saa ya chakula, darasa lote lilikuwa limesoma. Nilisikia kijana mmoja kwenye foleni akicheka, "Mathe wa jikoni ameanika ukoo." Neema alikuja wa mwisho na sahani yake. Hakuniangalia. "Anti, niwekee kidogo tu."

Tangu aanze kuongea ananiita mum. Nilimwaga zile ndengu nje ya sahani.

Madam Achieng akaja mbio, tukaifungua faili pamoja. Kando ya yale maneno yangu kulikuwa na kisanduku kidogo chenye jina la Neema: "Ungeniambia tukiwa wawili." Madam alilia na mimi. Akafungua faili nyingine ya chakula, na hii akaifunga ibaki ya mimi na Neema tu. Akauliza kama aifute. Nikamwambia angoje.

Sasa ni wiki tatu. Nyumbani anakula, anaosha vyombo, kanisani anakaa benchi la mbali. Nikimwambia, "Mwanangu, nisamehe," anajibu, "Sawa, anti." Lakini kwenye ile faili anaandika. Niko kwenye jiko nakata vitunguu, yeye yuko kwa kiti hatua mbili kutoka kwangu, na kisanduku kinaingia: "Mama yangu alifanana na nani?"

Nikaandika, "Wewe. Hata kucheka."

"Nani alinipa jina?"

"Yeye."

"Mbona hukuolewa?"

Hapo niliweka kisu chini. Nikaandika, "Aliyenitaka hakutaka mtoto." Siku mbili hakuandika kitu, lakini asubuhi yake nilikuta amenifunikia chai.

Jumapili tukitoka kanisani akaandika: "Baba yangu yuko wapi? Anajua niko?"

Wapendwa, najua aliko. Ana duka Ngara, na mimi nikipita huko huvuka barabara. Hajawahi kuuliza hata kama mtoto aliishi. Mchungaji ananiambia niseme kweli yote. Mama yangu ananiambia, "Mwambie alikufa. Mtoto ana mtihani mwakani, umvunje mara ngapi?" Nikiandika kwamba alimkana, hayo maneno atayasoma tena na tena. Nikidanganya, siku akijua hata hiyo anti sitaitwa.

Siku ya tatu hii sijajibu. Ninapowaandikia, jina lake linaonekana juu ya ile faili, maana yake ameifungua na anangoja. Mliolea watoto wa ndugu zenu, niambieni, nimwandikie nini mtoto huyu?