Mwanamke Asiyekuwemo Kwenye Ujumbe

Nianze kwa kuwataja waliokuwepo, maana kila mmoja wao akinikuta njiani bado anacheka au anageuza uso: alikuwepo Mama Doto mwenye mashine ya kusaga, alikuwepo Mzee Luhende kamanda wetu wa sungusungu, walikuwepo wadogo zangu wawili, Neema wa kidato cha pili na Kabula aliyekuwa anaanza darasa la kwanza wiki ile, alikuwepo Mama Projest, fundi cherehani kutoka Chato, na nyuma yao karibu kijiji kizima na fimbo mkononi. Nami nilikuwepo, Minza, na aibu ya siku ile ni yangu peke yangu, simgawii mtu.

Mimi ndiye mkubwa nyumbani kwetu. Wazazi walipoondoka duniani, mmoja baada ya mwingine, nilikuwa kidato cha kwanza, nikaacha shule nikashika jembe, na wadogo zangu hawajalala njaa zaidi ya siku ninazoweza kuzihesabu. Nilichotoka nacho shuleni ni kusoma tu. Nasoma haraka na sauti yangu inasikika, na hapa kwetu, jirani na Songwa, akina mama wengi wanaongea Kisukuma na maandishi yanawasumbua, kwa hiyo barua ya shule, karatasi ya zahanati, ujumbe wa simu, vyote utasikia, "Mpelekeeni Minza." (Nilikuwa naipenda sana sentensi hiyo, na ndiyo iliyoniponza.)

Asubuhi ile nilimwona mama mmoja mgeni anashuka kwenye pikipiki pale barabarani, mtu mzima, mfuko mkubwa begani, macho mekundu kama pilipili. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikapita zangu mashineni na kindoo cha mahindi, lakini yale macho nikaenda nayo kichwani. Kwetu mnajua macho mekundu ya mwanamke mtu mzima yanavyochukuliwa, kwamba ni ya mchawi. Na mimi ndiye niliyepaswa kujua zaidi ya wote, kwa sababu bibi yetu alikuwa na macho hayo hayo, ya moshi wa samadi aliyopikia maisha yake yote, na alikufa akiwa haendi mnadani kwa kuogopa watu watakavyomwangalia.

Pale mashineni simu yangu ikaita mlio wa ujumbe. Nikausoma kwa sauti, kama kawaida yangu. Uliandikwa hivi: "Tahadhari. Kuna watu wasiojulikana wanazunguka vijijini wakiuliza habari za watoto. Wana mifuko mikubwa. Toeni taarifa kwa viongozi. Tuma kwa wote unaowapenda."

Mama Doto akazima mashine kabisa (na Mama Doto hazimi mashine hata mvua ikiingia ndani). "Minza, ni wanaume au wanawake?"

Hapo ndipo penyewe. Nilikuwa na majibu mawili: "haijaandikwa" na "mwanamke." La kwanza lilikuwa kweli, ila lilinifanya nionekane msomaji asiyejua anachosoma, na wale akina mama wote walikuwa wananiangalia mdomoni. Nikarudisha macho kwenye simu kana kwamba naendelea kusoma, nikasema, "Mwanamke."

"Mtu mzima?"

"Mtu mzima. Macho mekundu. Anatokea huko ziwani, upande wa Chato." (Chato niliitoa wapi? Alipoitikia salamu nilisikia lafudhi ya huko, basi.)

"Mayu wee!" akasema Mama Doto. "Hebu turekodie kwa sauti, sisi wa kusikia tusambaze."

Nikarekodi. Nilirekodi vizuri, polepole, kwa Kiswahili halafu kwa Kisukuma, nikamalizia na "macho mekundu" mara mbili, nikatuma kwenye kundi la kitongoji, na unga wangu nikauacha pale pale nikakimbia nyumbani.

Nafika uani nakuta nini? Yule mama amepiga magoti mbele ya Kabula, kamzungushia kitu kama kamba kifuani, na mfuko uko wazi pembeni yake. Sikuuliza. Nilipiga mwano, ule ukelele wa hatari ambao ukiusikia unaacha tonge na kushika fimbo, na mwano haujui mtu mmoja, ukipigwa boma hili unadakwa na boma lile. Kabla sijapata pumzi tena, ua ulikuwa umejaa.

Mfuko ukamwagwa chini. Zikatoka sketi ndogo za bluu, mashati meupe madogo, nguo za watoto tupu, na kipakiti cha unga mweupe. "Hiyo ndiyo dawa ya kuwalaza!" akapayuka mtu. Mama wa watu alikuwa ameshakaa chini, kilemba kimedondoka, anasema kwa sauti ndogo, "Jamani, mimi ni fundi. Nashona sare. Hiyo ni chaki imevunjika. Mimi ni fundi tu." Na Neema anapiga kelele kushinda wote, "Dada, nimemwita mimi! Nimemwita ampime Kabula!" lakini nani amsikilize mtoto wa shule wakati mwano umepigwa.

Aliyesikiliza ni Mzee Luhende. Akasimama kati ya fimbo na yule mama, akainua mkono. "Habari hii ameileta nani?"

"Minza kaisoma," wakajibu.

"Basi isomwe tena. Mbele ya wote."

Nikatoa simu. Herufi zinaniruka machoni. Neema akaichukua taratibu akasoma, na haikuchukua muda, maana ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi kuliko nilivyousoma mimi.

"Soma penye mwanamke," akasema mzee.

"Hapapo, babu."

"Penye macho mekundu?"

"Hapapo."

"Chato?"

"Hapapo. Hata kijiji hakikutajwa, wala siku. Wala aliyeandika hajulikani."

Halafu Mama Doto, kwa sauti yake ya kushinda mashine: "Haa! Minza! Kumbe ulikuwa unatusomea na ya kichwani kwako?"

Walicheka, jamani. Wanaume wenye fimbo walicheka mpaka wakaegemea fimbo zenyewe. Mama Projest peke yake hakucheka. Alikuwa anaokota mashati moja moja, anayakung'uta udongo, na bila kuniangalia akasema, "Macho haya, binti yangu, ni ya kukausha samaki kwa moshi. Nilifanya kazi hiyo miaka mingi kabla ya kununua cherehani. Ungeniuliza ningekwambia."

Nilipiga magoti nikaomba radhi. Mzee Luhende akaamua niwalishe wote walioitikia mwano wa bure, nikachinja mbuzi wetu jike, wakala wakanitania, na kwa upande wa kijiji yakaisha. Mama Projest hakungoja nyama. Neema alimsindikiza barabarani, akamwachia namba yetu.

Mimi nikajua nimelipa. Baada ya wiki mbili nikaenda mnadani Mhunze kuuza kuku, nikakuta akina mama wa nyanya wameinamia simu, na kutoka kwenye simu hiyo nikasikia sauti yangu, polepole, Kiswahili halafu Kisukuma: mwanamke, mtu mzima, macho mekundu, anatokea Chato. Mmoja akasema, "Huyu dada anajua, msikilizeni." Nikawaambia huyo dada ni mimi na ni uongo. Wakaniangalia kama kichaa. Mmoja akaniuliza, "Wewe unamtetea kwa nini, mnajuana?"

Jioni simu yetu ikaita. Alikuwa Mama Projest. Hakufoka. "Samahani yako niliipokea," alisema, "lakini sauti yako inanitangulia. Nikienda Segese nimerudishwa njiani, na oda ya sare nilikuwa nayo. Sasa hivi watu wa hapa hapa Chato wanaisikiliza, walionifahamu tangu nikiwa msichana."

Tangu siku hiyo nikisoma kwa mtu namwonyesha kidole neno lilipo, na nikiulizwa lisilokuwemo nasema halimo, hata kama wananiangalia mdomoni. Nimerekodi sauti nyingine ya kukanusha, lakini (mtanisamehe) haisambai, watu hawana haraka na habari ya mtu asiye na hatia. Kwa hiyo nakwenda kwa miguu yangu, mnada kwa mnada, nasimama nasema mimi ndiye niliyesema na sikukuta maneno hayo popote. Songwa nimekwenda, Mhunze nimerudi mara mbili. Segese bado. Chato, kwake mwenyewe, mbele ya majirani zake, bado.