Mkeka wa Waliozimia

Nesi wa shule yetu ana mambo yake, na mimi ninayekaa naye ukuta kwa ukuta nayajua yote. Kila asubuhi anafuta kiti chake kwa spiriti kabla ya kukikalia. Kalamu yake haishikwi na mtu. Watoto wanamwita Bibi Fomu, wakidhani hajui. Anajua, tena nahisi anafurahia, maana sijawahi kumsikia akimkaripia mtu kwa jina hilo. Lakini mlete mtoto mgeni bila fomu ya afya iliyojazwa kila mstari, hata awe mtoto wa nani, atakuonyesha geti kwa kidole kimoja.

Mimi ni karani. Wazazi huanzia dirishani kwangu, kwa hiyo hasira zao zote hunimwagikia mimi kwanza. Sheria ya Nesi ilikuwa hivi: fomu ikitaja ugonjwa wowote, pumu, kifafa, chochote kile, mtoto haingii darasani mpaka alete barua ya daktari wa hospitali kubwa. Nia yake ilikuwa njema. Alitaka siku mtoto akianguka ajue amshike vipi. Lakini foleni ya hospitali kubwa ni ya kutwa nzima, daktari mwenyewe leo yupo kesho hayupo, na mzazi aliyerudishwa mara ya tatu haendi kumlilia Nesi. Anakuja kunililia mimi. Nikachoka. Nikaanza kuwanong'oneza, "Mama, chukua fomu nyingine. Kila mstari andika hakuna, yaishe." Foleni ikapungua, na Nesi akanisifu mbele ya walimu kwamba siku hizi mafaili yangu yanapendeza.

Basi ikafika siku ya sindano. Watu wa zahanati walikuja na masanduku yao ya barafu kuwachanja wasichana wa darasa la sita. Siku hiyo, kila mwaka, Nesi hutandika mkeka koridoni, chini ya dirisha langu, kwa ajili ya wanaozimia. Maana lazima wazimie. Mmoja akiona sindano anakwenda chini, wa nyuma yake magoti yanalegea, na kabla hujakaa sawa una watano wamelala chali. Nesi hahangaiki nao. Anawapandisha miguu juu ya benchi, anawapepea kwa jalada la faili, na baada ya dakika chache wanaamka wenyewe, wakicheka kwa aibu. "Woga tu huo," husema. "Waache walale."

Alikuwa na sharti moja zaidi. Hakuna kutoka kwenye foleni kwenda kunywa chai kabla ya kuchomwa, kwa sababu mwaka uliopita nusu ya darasa walikwenda kunywa chai na hawakuonekana tena mpaka kesho yake.

Katikati ya foleni alikuwapo binti wa mshonaji, msichana mwembamba, mpole, ambaye mama yake ana cherehani nje ya duka la vitambaa karibu na stendi. Nilimwona akichomoka kwenye mstari na kumwendea Nesi.

"Shikamoo, Sista. Naomba nichomwe wa kwanza."

"Marahaba. Wa kwanza kwa nini? Wewe una nini cha zaidi?"

"Nataka nikale."

Wenzake wakaangua kicheko. Nesi hapendi kuchekewa kwenye foleni yake. "Kila mtu hapa anataka kula. Rudi kwenye mstari. Tena nenda mwisho kabisa, ujifunze kusubiri."

Na mimi nilicheka. Nilikuwa na kikombe changu cha chai mkononi, nikacheka.

Saa tano kasoro akaanguka. Alikuwa bado na wenzake zaidi ya ishirini mbele yake, sindano yenyewe hajaiona hata kwa mbali. Nesi hakugeuka. "Mkekani," alisema, na wasichana wawili wakambeba, wakamlaza wa sita katika safu, wakampandisha miguu.

Wa kwanza akaamka. Wa pili na wa tatu wakaamka, wakaanza kuchekana. Yule wa sita hakuamka. Niliinama dirishani nikaona sare yake imeloa shingoni na kwapani, kama mtu aliyenyeshewa, na koridoni pale kulikuwa na ubaridi. Midomo ilikuwa inamcheza. Akafumbua macho, akanitazama bila kuniona, akasema taratibu, "Mama, zima cherehani."

Nikaita, "Sista! Huyu hayuko sawa."

"Hapo kila mwaka kuna mmoja wa kudeka," alijibu, anaandika.

"Sista, njoo umwone!"

Kabla hajainuka, rafiki wa binti yule, wa dawati moja, alitoka mbio kwenye foleni, machozi yanamtiririka. "Yeye haogopi sindano! Anajichoma mwenyewe kila asubuhi, tumboni. Ana sukari. Akishajichoma lazima ale saa nne. Aliniapisha nisiseme, akasema wakijua watamrudisha nyumbani."

Hapo ndipo nilipomkumbuka mama yake. Nilimwona kama yuko mbele yangu, futi ya kupimia nguo shingoni, amesimama dirishani kwa mara ya tatu na fomu iliyoandikwa kisukari kwa herufi kubwa. Na niliuona mkono wangu mwenyewe ukimpitishia fomu nyeupe.

Nesi alikuwa ameshapiga magoti. Bila kuinua kichwa akasema, "Lete fomu yake, haraka."

Alisema hivyo kwa sababu ndivyo anavyofanya kazi. Kwanza fomu, halafu mgonjwa. Mimi nikabaki nimesimama, kwa kuwa nilijua fomu ile inasema nini, na nilijua akishaisoma ataiamini kuliko maneno ya mtoto anayelia.

"Usiifuate fomu," nikasema. Sauti haikuwa yangu. "Haina kitu. Mtoto anasema kweli, ni sukari. Nakuomba, Sista."

Alinitazama mara moja tu. Kisha akakimbilia kabati lake na kurudi na kopo la glukosi, lile la wacheza mpira. Lakini binti alikuwa ameshazama tena, macho yamegeuka, hawezi kumeza. Ukimnywesha mtu wa namna hiyo anapaliwa. Nesi akamlaza ubavu, akalowesha kidole, akachovya kwenye unga, akaanza kumpaka ndani ya shavu, kidogo kidogo. Miaka minane nimekuwa nikiiona mikono ile ikifunga vidonda na kung'oa miiba, sijawahi kuiona ikikosea. Siku ile unga ulimwagika mpaka kwenye nywele za mtoto.

"Usinichukulie huyu, Mungu wangu," alikuwa anasema, kwa sauti, mbele ya watoto wote. "Nilimrudisha mwisho mimi. Usinichukulie huyu."

Nilikimbia kumwita mwalimu mkuu alete gari lake. Niliporudi wasichana wa foleni yote walikuwa wameshikana mikono, hakuna tena anayeogopa sindano. Sijui zilipita dakika ngapi. Nilikuwa natazama koo la mtoto yule, nalisubiri limeze, na halikumeza, na halikumeza, nikaanza kuwaza nitamwambiaje mama yake. Kisha likameza.

Ulimi ukatoka ukalamba mdomo. Baada ya kitambo macho yakatulia, akamtambua Nesi, akajaribu kukaa.

"Sista," akasema, "foleni imefika wapi?"

Nesi akaangua kilio.

Hospitali walimpima, wakasema angechelewa kidogo tu yangekuwa mengine. Walimbakiza alale huko. Alasiri mama yake alikuja shuleni kuchukua mkoba wa mwanawe, nyuzi zimemganda kwenye nguo, macho mekundu. Nesi alimkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, kile kisichokaliwa na mtu mwingine, na fomu ikawa mezani katikati yao. Mimi nilisimama mlangoni.

"Dada yangu," Nesi alisema, "nimekosa, na nitakuomba radhi mpaka unichoke. Lakini niambie. Nani alikufundisha kuandika hivi?"

Mama akainua uso. Akanitazama mimi, sawasawa, usoni. Angeweza kunimaliza pale pale. Badala yake akainamia mkoba wa mwanawe, akaanza kuufunga vifungo.

"Niliandika mwenyewe," akasema. "Nilitaka mwanangu asome."

Sikuweza kuvumilia. Mtu niliyekaribia kumuulia mtoto ndiye anayenisitiri. "Ni mimi, Sista," nikasema. "Mimi nilimpa fomu. Mimi nilimwambia aandike hakuna."

Nilingoja anifokee. Nilitaka anifokee, anionyeshe geti kwa kile kidole chake. Lakini rangi ilimtoka, akashika ukingo wa meza, akageuka kulitazama kabati langu la mafaili kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Na wengine?" akaniuliza. "Wangapi?"

Nilijaribu kuhesabu, mama wa kwanza, yule baba wa pikipiki, yule bibi anayelea mjukuu, wale mapacha, nikapotea. Sikuwa nimemwandika hata mmoja.

"Sijui," nikasema.

Kengele ya kutoka ikalia. Milango ya madarasa ikafunguka kwa kishindo, na watoto wote wa shule wakaanza kupita mbele ya dirisha, wanakimbizana, wanapigana vikumbo, wanapiga kelele, na sisi watatu tukabaki tunawatazama nyuso zao, mmoja baada ya mwingine.