Fahali wa Ubingwa

Tulipochukua kombe la shule za upili, mimi nikiwa nahodha, serikali ilitangaza kwamba tungetuzwa fahali. Habari ilifika mtaani kwetu Shauri Moyo kabla yetu. Mama, ambaye kwake mpira ulikuwa njia ya kumaliza viatu tu, ghafla aliwaalika majirani wa safu yetu yote ya nyumba. Huyu alileta mchele, yule vitunguu, mwingine akaazima sufuria kubwa ya harusi. Mzee Mwislamu mwenye duka la pembeni alikubali kuchinja, ili asiwepo jirani wa kuitazama nyama bila kuila. Siku ya sherehe alinoa kisu tangu asubuhi.

Sherehe yenyewe ilikuwa uwanjani, upande wa mjini. Mkubwa mmoja wa serikali alihutubu mpaka jua likatuchoma utosi, kisha akanikabidhi kamba. Fahali alikuwa mweusi, amenona, na nundu ya kumtia mtu mate mdomoni. Mpiga picha aliniambia nicheke, nami sikungoja kuambiwa mara mbili. Tulikuwa tumeshagawana kazi: mabeki wavute mbele, washambuliaji wasukume nyuma, tumpeleke kwa miguu mpaka nyumbani.

Mkubwa alipoingia garini na kuondoka, dereva wa lori lililomleta fahali akanijia.

"Kijana, leta kamba."

"Huyu ni wetu," nikasema.

"Wenu ni wa picha. Kesho huyu ako na sherehe ingine."

Nilidhani ananitania. Nikamgeukia mwalimu wetu. Mwalimu alikuwa anatazama viatu vyake. Fahali alipanda lorini bila kusukumwa, kama mtu anayejua kazi yake. Nilibaki nimekunja ngumi, kiganja bado kinawasha kwa kamba ile.

Nyumbani maji yalikuwa yanachemka. Tukaeleza yote.

"Mkono mtupu haulambwi, bingwa," jirani mmoja akanitania, na wengine wakacheka. Mzee alikifunga kisu chake kwenye kitambaa, akanipa pole. Tulikula wali na maharagwe, na niliona wametuamini.

Kesho yake gazeti likatoka. Mimi huyo, meno yote nje, kamba mkononi, na maelezo chini kwamba mabingwa wamekabidhiwa fahali wao. Gazeti lilipita mlango hadi mlango. Kufikia jioni, midomoni mwa majirani, nilikuwa nimeshamuuza yule ng'ombe sokoni Gikomba, na wenzangu, ati, walianza kwa kuchoma maini. Mzee wa duka hakuitikia salamu yangu. Niliingia ndani kwa hasira, lakini nikijua kuna mtu mmoja nisiyehitaji kumweleza kitu.

Mama alikuwa amelikunjua gazeti mezani. Alifunga mlango, akashusha sauti.

"Mwanangu, mimi sitamwambia mtu. Mlimuuzia nani?"

Akatikisa kichwa polepole, akalikunja gazeti, kana kwamba nimeshamjibu.